Haja ya Kuchukua Simu Kila Mahali

Swali moja laulizwa mara nyingi siku hizi, nyumbani, chuoni na safarini: je, mtu ana haja ya kuchukua simu yake ya mkononi kila aendako? Watu wengi hulijibu kabla halijamalizika kuulizwa. Kijana husema kwamba kuuliza hivyo ni sawa na kuuliza kama mtu ana haja ya kuchukua masikio yake. Mzee husema kwamba watu waliishi karne nyingi bila simu na hawakufa kwa kuikosa. Majibu yote mawili ni mepesi. La kwanza husahau kuwa simu si kiungo cha mwili. La pili husahau kuwa wako waliokufa kwa kuikosa.

Mimi si fundi wa mitambo wala si hakimu wa tabia za watu. Ni mwalimu wa lugha apendaye kusoma habari za zamani. Kwa hiyo nataka kuliweka swali hili mbele ya historia, na hasa historia ya pwani yetu na bara yetu, ili tuone ushahidi wake. Rai yangu ni hii: haja ya kuchukua simu kila mahali haikuzaliwa pamoja na mtu. Ilifanywa na watu hatua kwa hatua, na nyingi katika hatua hizo zina mwaka wake. Jambo lililofanywa na watu laweza kupimwa na watu, likazidishwa au likapunguzwa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Simu si neno la asili ya Kibantu. Asili yake ni Kiajemi, ambako *sim* ni fedha na pia ni waya, nalo lilitufikia kwa njia ya bahari kama maneno mengine mengi. Watu wa pwani walipolitumia kwanza hawakukusudia chombo cha kuzungumzia, bali waya wa kupelekea habari na habari yenyewe iliyopita katika waya. Baadaye ndipo tulipopambanua simu ya maandishi na simu ya mdomo. Waya una ncha mbili, na zamani ncha zote mbili zilikaa mahali pamoja bila kuhama. Aliyeitaka simu aliifuata ilipo. Simu haikumfuata mtu. Leo waya umeondoka machoni, jina la waya limebaki, na ncha moja imetiwa mfukoni mwa kila mtu. Ncha ya pili yashikwa na nani? Hilo ndilo swali nitakalolirudia katika insha hii.

Kabla ya waya kufika, kutokuwapo kulikuwa hali ya kawaida ya mwanadamu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye alituachia maisha yake kwa Kiswahili, aliondoka pwani kwa safari yake ya tatu ya bara yapata mwaka 1870, na hakurejea Unguja mpaka 1882. Kwa muda wa miaka kumi na miwili hivi jamaa zake na wadai wake walimjua kwa barua zilizochukuliwa na misafara, na barua hizo zilisafiri kwa mwendo wa mguu wa mchukuzi. Mtu angeweza kusoma habari njema za nduguye hali nduguye amekwisha kuzikwa.

Twaujua mfano ulio mkubwa zaidi. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji mwishoni mwa 1871, alimpa furushi la barua lililokuwa limefungwa Unguja yapata mwaka mmoja nyuma. Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, wakafika Februari 1874. Mwezi wa Oktoba 1873 habari ya kifo ilimkuta Verney Lovett Cameron Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Cameron alikuwa ametumwa kumpelekea Livingstone msaada. Msaada ulikuwa njiani kwa mtu aliyekwisha kufa miezi mitano.

Tusidhani basi kuwa watu wa zamani walikuwa na raha kwa sababu hawakuwa na simu. Walikuwa na mashaka, nao waliyatungia desturi. Msafiri aliagana na jirani zake na kutaka radhi. Alitaja madeni yake mbele ya mashahidi, akausia watoto na mali. Sheria ya Kiislamu, ambayo iliwaongoza watu wengi wa pwani, ina mlango wake juu ya mafkudi, yaani mtu aliyepotea asijulikane kama yu hai au amekufa: mali yake itunzwe vipi, na mkewe angoje mpaka lini. Kutokuwapo kulikuwa na adabu yake na sheria yake. Methali yetu husema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Hili ni onyo kali kwa msafiri, lakini ndani ya onyo hilo mna ukubali: yuko mtu ambaye hayupo, na watu wote wamekubali kwamba hayupo. Mtu wa namna hiyo siku hizi ni nadra sana.

Waya uliletwa pwani kwetu kwa sababu ya vita. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu mahali paitwapo Isandlwana, Afrika ya Kusini, na habari haikufika London mpaka Februari 11. Serikali iliona kuwa dola kubwa haiwezi kukaa majuma matatu bila kujua kuwa jeshi lake limevunjwa. Mwaka huo huo waya wa chini ya bahari ulitandazwa kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Hivyo Unguja iliungwa na London si kwa ajili ya mama aliyetaka kusikia sauti ya mwanawe, bali kwa ajili ya serikali iliyotaka kuwaita watumishi wake na kuwaamuru.

Matokeo yake yalionekana waziwazi mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya idhini ya Waingereza. Basil Cave, aliyekuwa akisimamia mambo ya Uingereza pale Unguja, alipeleka simu London kuuliza kama ana ruhusa ya kupiga jumba hilo kwa mizinga iwapo njia za amani zitashindikana. Siku ya pili ruhusa ilikuja. Tarehe 27, saa tatu za asubuhi, manowari zilianza kupiga, na katika muda usiotimia dakika 45 watu wapatao 500 wa upande wa jumba walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Kizazi kimoja nyuma, jibu la swali kama lile lingalichukua majuma mengi, na katika majuma hayo pengine maneno yangalipata nafasi ya kufanya kazi yake. Sisemi kuwa waya ndio uliopiga mizinga. Nasema kuwa waya uliondoa ule muda wa kungoja, na muda wa kungoja ulikuwa na thamani ambayo hakuna aliyeiandika katika hesabu.

Baada ya hayo simu ilizidi kuenea, lakini kwa muda mrefu ilibaki kuwa kitu cha mahali. Ilikaa posta, ofisini, stesheni ya reli, na katika nyumba chache za wenye uwezo. Mwananchi wa kawaida alikuwa na sanduku la posta, au aliazima la shule, la kanisa, la msikiti au la duka. Sanduku hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko ukubwa wake. Lilikuwa mahali ambapo habari humngoja mtu. Barua ilikaa humo kimya mpaka mwenyewe aje na ufunguo. Haikulia, haikumwamsha, wala haikumwuliza kwa nini amechelewa.

Walakini ungojaji huo ulikuwa na bei yake, na mimi niliishuhudia bei hiyo utotoni. Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka 1989 kijijini kwetu, wilaya ya Pangani. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, na wakati ule alikuwa safarini katika mikoa ya kusini. Bibi aliugua siku sita, na siku zote sita alimwulizia mwanawe. Ami yangu alikwenda mjini kupeleka simu ya maandishi, ambayo ililipiwa kwa hesabu ya maneno; ikafika katika ofisi ya wenye lori, na baba alikuwa amekwisha kuondoka hapo. Alipofariki, jina lake lilisomwa jioni katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania Dar es Salaam, pamoja na majina ya wanawe na mahali walipo. Lori la baba halikuwa na redio. Alifika nyumbani siku ya nne. Hakumlaumu mtu. Alikaa barazani, akamwita jirani aliyekuwa karibu na bibi siku ya mwisho, akamwambia, "Nieleze alivyosema, usipunguze neno."

Mtu aliyesikia maneno hayo hawezi kuidharau simu. Nitayarudia mbele. Kwanza yafaa nieleze historia ya kitu kingine ambacho watu walilazimika kukichukua kila mahali, kwa kuwa swali letu la kuchukua simu lina ndugu yake mkubwa.

Katika Kenya ya wakoloni palitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwaandikisha Waafrika wanaume waliotimiza umri wa miaka 16. Ilianza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kutoka 1919 na 1920. Kila mmoja alipewa cheti kilichoitwa kipande. Kiliandikwa jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Aghalabu kilitiwa katika kikopo cha chuma kilichofungwa kamba na kuvaliwa shingoni. Asiyekuwa nacho alipokutwa njiani aliweza kutozwa faini au kutiwa kifungoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachisha kazi, mtumishi alihesabiwa kuwa mtoro, na hakuweza kupata kazi kwingine. Wengi waliokivaa walikifananisha na kengele ya mbuzi. Tanganyika nayo ilikuwa na kipande, lakini kile kilikuwa zaidi kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Tusivichanganye viwili hivi.

Watu hawakukinyamazia kipande. Kilikuwa katika malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake, pamoja na kodi ya nyumba, kupunguzwa kwa mishahara na kazi za shuruti. Thuku alikamatwa Nairobi tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kutaka aachiliwe. Askari wakapiga risasi, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Kipande chenyewe kiliendelea kuvaliwa mpaka sheria ya 1947 ilipoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote. Kwa hiyo katika Afrika ya Mashariki wako watu waliokufa katika harakati ambazo dai lake moja lilikuwa kwamba mtu aweze kutembea katika nchi yake bila kuchukua kitu shingoni.

Hapana shaka msomaji amekwisha kuona ninakoelekea, na yampasa kuniuliza kama natenda haki. Kipande kilivaliwa kwa amri. Simu hununuliwa kwa hiari, na wengine hujinyima chakula ili waipate. Kipande hakikumletea mvaaji salamu za mama yake. Simu huleta salamu, malipo, masomo, na sauti ya daktari. Tofauti hii ni kubwa, na asiyeikubali hastahili kusikilizwa. Hata hivyo kuna jambo moja linalounganisha vitu hivi viwili: vyote humfanya mtu ajulikane alipo na aweze kuitwa. Simu, hata isipopigwa, huzungumza na minara, na minara hujua mahali ilipo. Tena tangu tarehe 20 Januari 2020 laini za simu ambazo hazikuwa zimesajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa Tanzania. Sababu iliyotolewa ni kuzuia wizi na uhalifu, nayo ni sababu ya kweli, kwa kuwa matapeli wa simu wamewaliza wengi. Lakini mwanafunzi wa historia hawezi kusoma maneno "alama za vidole" bila kukumbuka kikopo cha chuma.

Simu ya mkononi yenyewe ni kitu kichanga sana. Tarehe 3 Aprili 1973, katika mtaa wa New York, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alipiga simu ya kwanza kwa chombo cha mkononi. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo moja na zaidi, na aliyepigiwa alikuwa mshindani wake katika kazi. Miaka kumi ilipita kabla chombo cha namna hiyo hakijaanza kuuzwa, kwa bei ya dola 3,995. Tanzania huduma za simu za mkononi zilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Mwanzo ilikuwa pambo la matajiri, nayo ilishikwa mkononi ili ionekane kuliko ilivyopigwa.

Watu wa kawaida walipoipata waliitumia kwa akili yao wenyewe. Walibuni desturi ya kubipu, yaani kupiga na kukata kabla haijapokewa, ili mwenye uwezo apige yeye. Desturi hii haikuwekwa na kampuni yoyote. Ilikuwa ni adabu ya umaskini, na iliufahamu vizuri ule waya wenye ncha mbili: iliuliza kwa mlio mmoja nani amwite nani, na nani alipe.

Mpaka hapo simu ilikuwa bado ni chombo cha kusemea, na mtu aliyeisahau nyumbani alikosa mazungumzo tu. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1977? Hapana, mwaka huo hata waliotajirika hawakuwa nayo. Ilikuja mwaka 2007, wakati huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Tangu siku hizo simu ikawa mkoba wa fedha. Kisha ikawa saa, kurunzi, kamera, ramani na kitabu. Ikawa pia shahidi wa nafsi ya mtu, kwa kuwa namba za siri za benki, za chuo na za serikali hutumwa humo, na asiyeweza kuzisoma hutiliwa shaka kuwa si yeye. Hapo ndipo haja ilipofanywa. Simu haikuongezewa kazi hizo tu. Kazi hizo ziliondolewa mahali zilipokuwa. Vibanda vya simu vya barabarani vimetoweka. Madirisha ya kulipia fedha taslimu yamepungua. Ratiba iliyokuwa ikibandikwa ubaoni sasa hutumwa katika kundi la wanafunzi usiku wa manane. Mtu aliyekuwa na mahali kumi pa kwenda kupata haja zake sasa ana kitu kimoja cha kuchukua, na akikiacha amekosa mahali pote kumi.

Niliwahi kusimama katika foleni ya ofisi moja, mbele yangu akiwa mzee aliyekuja kulipa ada ndogo. Alikuwa na fedha taslimu mkononi, na kitambulisho chake mfukoni. Karani alimtajia kuwa namba ya malipo imetumwa katika simu. Mzee alijibu kuwa simu ameiacha kwa mjukuu wake. Karani, kwa upole kabisa, akamwambia, "Basi, babu, rudi kesho uje nayo." Mzee alitazama fedha zake, akazikunja, akaondoka. Hakuna aliyemtukana wala kumfunga. Lakini alikuwapo pale kwa mwili wake, kwa jina lake na kwa fedha yake, na akahesabiwa kama mtu ambaye hayupo. Methali imegeuzwa: sasa asiyekuwa na simu na lake halipo.

Wako watakaosema kuwa haya ni malalamiko ya mwalimu mwenye mshahara. Watanikumbusha mkunga aitwaye usiku, mvuvi aliyeharibikiwa na mashine katikati ya mkondo, dereva wa bodaboda ambaye riziki yake hulia mfukoni, na mama mwenye mtoto mgonjwa shuleni. Hoja hii ni nzito, nami naikubali yote. Kwa watu hawa kuacha simu si uhuru. Ni uzembe au ni hatari. Naongeza kuwa hata mimi ni mmoja wao, kwa sababu ya yale niliyoahidi kuyarudia.

Baba yangu alipata simu yake ya kwanza mwaka 2003, alipokwisha kuacha kazi ya udereva. Tangu siku hiyo hakutengana nayo. Alikwenda nayo shambani ameifunga katika mfuko wa nailoni kwa kuogopa mvua, na usiku aliiweka karibu na kichwa. Wajukuu walimcheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua anangoja nini. Alikuwa akiingoja simu ambayo haikumfikia mwaka 1989.

Zamu yake ilipofika, mimi niliitwa kwa wakati. Simu ililia saa nane za usiku, alfajiri nikapanda basi, na jioni nikawa kitandani pake. Siku ya pili alipata nafuu kidogo, akaanza kuniambia habari za shamba na za ndugu yetu mmoja ambaye walikuwa hawasemezani. Simu ikalia katika mfuko wangu. Ilikuwa ni habari ya mkutano wa kazi, mkutano ambao ungaliweza kungoja wiki nzima. Nikatoka uani kujibu. Sikukaa huko zaidi ya dakika kumi. Niliporudi alikuwa amelala, na alipoamka maneno yake hayakuwa na mfuatano tena. Alifariki siku ya tatu. Jioni baada ya maziko nilimwendea shangazi, aliyekuwa amebaki chumbani, nikamwambia kama baba alivyomwambia yule jirani: "Nieleze alivyosema, usipunguze neno."

Simu iliyonileta ndiyo iliyonitoa. Siwezi kuitukana, wala siwezi kuisifu bila kusita. Baba alimkosa mama yake kwa kuwa ncha ya waya ilikuwa mbali naye; mimi nilimkosa baba kwa kuwa ncha ya waya ilikuwa karibu nami mno. Lakini yeye hakuwa na hiari katika kukosa kwake. Mimi nilikuwa nayo. Hakuna sheria ya 1915 iliyonilazimisha kutoka chumbani. Nilitoka kwa mazoea, na mazoea ni kamba isiyoonekana.

Kutokana na ushahidi huu nadhani twaweza kutoa hukumu yenye sehemu tatu. Kwanza, yuko mtu ambaye wakati fulani ana wajibu wa kuitika: aliye zamu, aliye njiani peke yake, aliyeacha mgonjwa nyumbani. Huyu achukue simu yake, na aichukue ikiwa na moto wa kutosha. Haja yake ni ya kweli, na wenzake wa mwaka 1873 wangalimwonea wivu.

Pili, wako watu walio mbele yetu ambao haki yao ni ya kwanza kuliko ya aliye mbali: mgonjwa anayesema, mwanafunzi anayeuliza, mtoto anayesimulia, mwenzetu tunayekula naye. Katika nafasi hizi simu yaweza kuwapo bila kusikika, au isiwepo kabisa. Babu zetu waliagana kabla ya kutoweka. Nasi twaweza kuagana vivyo hivyo. Mtu akitoa taarifa kwamba hatapatikana mpaka saa kumi, hakumdhulumu yeyote. Amerudisha adabu ya zamani ya kutokuwapo.

Tatu, na hili si la mtu mmoja bali la jamii nzima: mwenye kutoa huduma na mwenye kuajiri wasifanye simu kuwa kipande. Sheria ya Ufaransa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017 huyataka mashirika yenye watumishi 50 na zaidi yajadiliane nao juu ya haki ya kutoitika nje ya saa za kazi. Sisi twaweza kutunga ya kwetu, kwa kuwa sisi tuna sababu iliyo karibu zaidi. Palipo na mlango wa simu, na uachwe pia mlango wa mtu aliyekuja kwa miguu yake na kitambulisho chake, kama yule mzee wa foleni. Haja ya simu ikibaki kuwa haja, simu ni mtumishi mwema. Ikigeuzwa kuwa sharti, basi kamba imerudi shingoni, hata kama safari hii tumeinunua wenyewe.

Jibu langu basi kwa swali la mwanzo ni kwamba si kila mahali, wala si kila wakati; na kabla ya kuitia simu mfukoni, kila mtu ajiulize ni nani anayeshika ncha ya pili. Mimi, niendapo kumtazama mgonjwa siku hizi, huiacha simu yangu kwa mwenye nyumba, nikaingia mikono mitupu.